Viatu vya baiskeli kwa kina dada: nailoni, nyuzi za kioo au kaboni? Tujadili soli

SoliNgumu

Habari wadau. Swali hili linajirudia mno: dada amepata pedali za kubana (zinazoshika kiatu kisichomoke), anatafuta viatu vyake vya kwanza, na kila anayemuuliza anamjibu "chukua kaboni, ndiyo mwisho wa mambo". Kwa kina dada wengi jibu hilo si sahihi, na linakula hela. Naeleza kwa nini, wengine mjazie.

Soli ziko za aina nne. Kwanza nailoni tupu iliyomiminwa kwenye kalibu: nene, inapinda kidogo, inavumilia kugongwa na mawe. Pili, nailoni iliyochanganywa na nyuzi fupi za kioo. Kwa macho huwezi kuitofautisha na ile ya kwanza, ila ukiikunja inagoma zaidi. Tatu, nailoni yenye nyuzi fupi za kaboni. Hapa ndipo watu wanapoingizwa mjini, kwa sababu ubavuni mwa kiatu pameandikwa carbon kwa herufi kubwa, kumbe kilichomo kwa sehemu kubwa ni plastiki. Nne ni kaboni kamili: vitambaa vya nyuzi ndefu vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, vikashikwa kwa epoksi na kubanwa kwa joto. Hiyo ndiyo nyembamba, nyepesi na ngumu kuliko zote.

Halafu kuna namba za ugumu. Kipimo cha Shimano kinaishia 12, cha Specialized kinaishia 15. Kila kampuni ina rula yake, kwa hiyo 10 ya huku usiilinganishe na 10 ya kule. Namba hizo zina maana pale tu unapolinganisha viatu vya kampuni moja.

Sasa hoja yenyewe. Soli inapinda kwa sababu ya mambo mawili: nguvu unayoikandamizia na urefu wa kiatu. Ubao ulioshikwa upande mmoja, ukiurefusha mara mbili huku unene ukibaki uleule, unapinda mara nane, maana urefu unahesabiwa kwa kipeo cha tatu. Chukua dada wa kilo 55 anayevaa 37 na kaka wa kilo 85 anayevaa 45. Kwa chati ya Shimano, 37 ni mguu wa sentimita 23.2 na 45 ni 28.5. Gawanya, unapata 1.23. Kwa kipeo cha tatu ni kama 1.85. Uzito ni mara 1.55. Ukipunguza kidogo kwa sababu kiatu cha 45 pia ni kipana zaidi, bado soli ya aina moja, unene mmoja, itapinda zaidi ya mara mbili chini ya yule kaka. Ni hesabu ya makadirio, lakini mwelekeo wake hauna ubishi: soli inayolalamikiwa na mwanaume mzito kuwa laini inaweza kuwa ngumu ya kutosha kabisa kwa dada mwepesi.

Kwa hiyo ukisoma tathmini ya kiatu, angalia kwanza aliyeiandika ana kilo ngapi na anavaa saizi gani.

---

Neema_wa_Gravel

Asante sana mkuu, hili la saizi na uzito sijawahi kuliona likisemwa popote. Swali: kilo 58, saizi 38, safari za kilomita 60 hadi 80 mwisho wa wiki, nusu lami nusu vumbi, pedali ni SPD za Shimano, zile ambazo kipande chake kinafungwa chini ya kiatu kwa boliti mbili. Nailoni ya nyuzi za kioo inatosha, au pedali ndogo inabadilisha hesabu?

---

SoliNgumu

Inabadilisha, dada Neema, na umeuliza mahali penyewe hasa.

Ugumu wa soli una kazi moja kubwa: kusambaza nguvu kutoka kwenye eneo dogo la pedali hadi kwenye wayo mzima. Pedali ya barabarani ya boliti tatu ina uso mpana, kwa hiyo nusu ya kazi hiyo inafanywa na pedali yenyewe, na hapo hata nailoni tupu haikusumbui. Pedali ya SPD inashika kliti, yaani kile kipande cha chuma kinachofungwa chini ya kiatu, na ni kidogo kuliko kiberiti. Soli ikiwa laini, baada ya saa mbili unaanza kuhisi kipande hicho chini ya wayo kama kokoto iliyoingia kiatuni.

Kwa hiyo pedali ndogo inadai soli ngumu kidogo kuliko pedali pana. Kwa kilo zako na kilomita hizo, nailoni ya nyuzi za kioo inatosha vizuri. Nailoni tupu ingekuwa mpakani.

Angalia pia meno ya mpira pembeni mwa kliti. Kwenye SPD meno hayo yanatakiwa yaguse mwili wa pedali kidogo tu, ili nguvu isipitie kwenye kliti peke yake. Meno yakiwa marefu mno kliti haiingii, unakanyaga na kukanyaga bila kusikia mlio wa kubana. Dawa ni kuweka kipande chembamba cha kuinulia chini ya kliti, au kupunguza mpira kwa kisu kikali, milimita moja kwa wakati. Meno yakiwa yameisha, kiatu kinayumba juu ya pedali kushoto na kulia. Hapo mpira umeshazeeka, usiitupie soli lawama.

---

Mlima_na_Bonde

Naongeza vipimo, maana wapo wanaoamini kwamba ugumu ukizidi ni faida tupu.

Mwaka 2003 Jarboe na Quesada walipima shinikizo chini ya wayo wa waendesha baiskeli wakiwa na viatu vya soli ya kaboni na vya soli ya plastiki. Kilele cha shinikizo kwenye kaboni kilikuwa kilopaskali 121, kwenye plastiki 103. Yaani kaboni ilizidisha kwa karibu asilimia 18. Wakaonya kwamba mwenye maumivu ya mbele ya wayo au ganzi ya vidole awe mwangalifu na kaboni.

Hii haipingani na alichosema SoliNgumu. Soli laini kupita kiasi juu ya pedali ndogo inakuchoma sehemu moja. Soli ngumu kupita kiasi isiyofuata umbo la wayo wako nayo inakuchoma, kwa sababu wayo hauna pa kuzama. Tiba ya hiyo ya pili ni unyayo wa ndani. Viatu vingi hata vya bei kubwa vinakuja na kipande cha povu bapa cha milimita tatu ambacho hakishiki upinde wa wayo kabisa. Ukinunua kaboni bila kutenga hela ya unyayo wa ndani wenye upinde, umenunua nusu ya kiatu.

Na nguvu je? Mwaka 2016 Straw na Kram wa Chuo Kikuu cha Colorado walilinganisha viatu vya kukimbilia kwenye pedali bapa na viatu vya baiskeli vyenye kliti, kwa mwendo wa kawaida. Nishati iliyotumika haikutofautiana. Faida ya kufungwa kwenye pedali inaonekana zaidi unapochomoka kwa nguvu zote. Kwa hiyo dada anayeendesha kwenda kazini asidhani kaboni itampunguzia jasho.

---

Dereva_wa_Spoku

Mkuu Mlima, mbona basi wale wa mashindano wote wana kaboni? Kigali Septemba 2025 kwenye ubingwa wa dunia, kina dada wa daraja la juu walienda kilomita 164.6 na kupanda mawe ya Kimihurura kila mzunguko. Sikuona nailoni pale.

---

Mlima_na_Bonde

Ni kweli, na wana sababu. Wao wanasimama kwenye pedali na kuchomoka mara nyingi, pedali zao ni pana za boliti tatu, unyayo wa ndani umetengenezwa kwa mguu wa mtu mmoja mmoja, na gramu wanazihesabu. Kiatu kinapanda na kushuka mara 80 au 90 kwa dakika kwa saa nne au tano. Lakini pia kwenye viatu vya juu kaboni inakuja pamoja na ngozi bora ya juu, kisigino kinachoshika na vifungio vya kuzungusha vinavyobana kidogo kidogo. Raha kubwa ya viatu hivyo inatoka kwenye vitu hivyo, halafu sifa inapewa soli.

Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu, chagua nailoni yenye kisigino kinachoshika, uiache kaboni inayopwaya.

---

Kalibu_37

Hapo kwenye kisigino naomba nikae kidogo, maana ndipo kina dada wanapoumia zaidi.

Mguu wa mwanamke si mguu wa mwanaume uliopunguzwa. Mara nyingi kisigino ni chembamba kikilinganishwa na upana wa mbele, na juu ya wayo pako chini. Kiatu cha kalibu ya kiume (umbo la mguu linalotumika kutengenezea kiatu) kikikutosha mbele, nyuma kinaachia: unavuta pedali juu, kisigino kinachomoka. Dada anakaza kamba kuzuia hilo, na kukaza kunabana mishipa ya juu ya wayo, vidole vinakufa ganzi. Halafu anaambiwa soli ndiyo mbaya.

Viatu vinavyouzwa kama vya kike viko vya namna mbili. Vipo vyenye kalibu yao halisi ya kike, na vipo vilevile vya kiume vilivyobadilishwa rangi na kuanzia saizi 36. Rangi haisaidii kitu. Uliza kalibu. Na kama mguu wako ni mpana kisigino hadi vidole, hakuna sharti la kununua cha kike. Cha kiume saizi ndogo, au toleo pana, kinaweza kukukaa vizuri zaidi.

Kupima mguu: fanya jioni, mguu ukiwa umevimba kama unavyovimba safarini. Vaa soksi ya kuendeshea. Weka karatasi ya A4 sakafuni, upande mfupi ukigusa ukuta, kisigino ukutani, simama kwa uzito wote. Weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe dole gumba. Pima miguu yote miwili na ufuate ule mrefu. Pima pia upana pale penye vifundo vya dole gumba na kidole cha mwisho.

Saizi za Ulaya zinapishana kwa theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.7. Nusu saizi ni milimita 3.3. Kwa chati ya Shimano, 36 ni 22.5, 37 ni 23.2, 38 ni 23.8, 39 ni 24.5, 40 ni 25.2. Ukiwa na 23.5 uko katikati, na hapo nusu saizi ina thamani kuliko soli ya kaboni. Kampuni nyingine zina chati zao, msihamishe namba.

Ukishavaa, fanya hivi dukani. Funga kiatu, kaa, inua mguu, mwambie mtu ashike kiatu kwa nyuma na kukivuta chini huku wewe ukivuta kisigino juu. Kisicheze zaidi ya milimita mbili tatu. Chezesha vidole: visiguse mbele, na vipate nafasi ya kutanuka pembeni. Usipime kwa kutembea, maana soli ngumu haikunjiki, kwa hiyo kisigino kitainuka hata kwenye kiatu sahihi.

---

Neema_wa_Gravel

Dada Kalibu, Mungu akubariki. Na vya mtumba? Sokoni vinapatikana vya baiskeli mara mojamoja, bei inavutia, ila mtu hajui aangalie nini.

---

FundiKliti

Mtumba naujibu mimi.

Anza na mashimo ya boliti. Vua unyayo wa ndani uone bamba la chuma linaloshika nati. Kama lina kutu nyekundu inayomwagika, jaribu boliti ya M5 (ya kipenyo cha milimita 5) kwa mkono. Iingie mizunguko minne mitano bila kulazimisha. Ikigoma kabisa au ikizunguka bila kushika, uzi umekufa. Kwenye viatu vya SPD bamba hilo mara nyingi linabadilishika. Kwenye kaboni nyingi za boliti tatu nati zimezikwa ndani ya soli, na zikiharibika kiatu kimekwisha.

Nailoni inapochoka inaacha alama nyeupe, kama plastiki ya ndoo iliyokunjwa. Zitafute kati ya kliti na upinde wa wayo, na kuzunguka mashimo. Weupe mwembamba bila ufa bado una maisha. Ufa unaotoka kwenye shimo la boliti hauna maisha hata kidogo, kiache hapohapo.

Kaboni haikupi onyo la rangi. Gonga soli nzima kwa sarafu, polepole, kila sentimita moja. Sauti iwe kavu na ileile. Mahali inapobadilika kuwa nzito na ya kufifia, tabaka zimeachana ndani. Mikwaruzo ya juu kwenye rangi ni kawaida, lakini ukipitisha ukucha ukakwama kwenye mstari unaokata soli kwa upana, achana nacho.

Kitu cha tatu watu hawakijui. Kisigino na pedi za kukanyagia mara nyingi ni polyurethani. Mpira huo unaozwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa ndani ya boksi bila kuvaliwa. Kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa unaoza upesi zaidi. Kiatu kinaonekana kipya, unatembea hatua ishirini, kisigino kinamegeka kama keki. Bonyeza kwa ukucha: ukiacha alama isiyorudi, au kikitoa vumbi linalonata, kimeisha.

Na tafadhali, mpira ukiachia, fundi viatu wa mtaani abandike kwa gundi na akibane usiku kucha. Asishone. Sindano nene ikitoboa bamba la kaboni inakata nyuzi, na ufa utaanzia kwenye tundu hilo.

---

Dereva_wa_Spoku

Fundi, umeshika moto. Tupe na ufungaji wa kliti, hasa kwa mtu anayehama nailoni kwenda kaboni.

---

FundiKliti

Ukiwa umevaa kiatu, papasa kifundo cha dole gumba, pale mfupa unapotokeza kwa ndani, na weka alama kwa kipande cha tepu nje ya kiatu. Fanya hivyo upande wa kidole cha mwisho. Alama ya pili itakuwa nyuma kidogo ya ile ya kwanza. Ekseli ya pedali ikae katikati ya alama hizo. Mwenye tabia ya ganzi asogeze kliti nyuma milimita mbili hadi tano. Wenye saizi 36 na 37 wawe makini: kwenye viatu vingine mashimo yamekaa mbele mno, na kliti ikifika mwisho wa nafasi bado haijafika mahali pake. Hakikisha hilo kabla ya kulipa.

Paka boliti grisi, kaza kwa ufunguo wa L wa milimita 4 hadi Nm 5 au 6 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Usikaze moja hadi mwisho ukaiacha nyingine. Zunguka zote kidogo kidogo. Bila spana ya torki, shika ufunguo kwa upande mfupi unapoanza, malizia kwa upande mrefu kwa nguvu ya kifundo cha mkono tu. Kaza tena baada ya safari ya kwanza. Boliti ikilegea, unapopinda kisigino nje kiatu kinazunguka peke yake na kliti inabaki palepale kwenye pedali, pedali haikuachii, na unaanguka umesimama kwenye taa. Kwa wanaoanza: kliti ya njano ya SPD-SL (pedali za barabarani za Shimano, boliti tatu) ina mchezo, yaani nafasi ya mguu kuzunguka kabla ya kuachia, wa digrii 6, ya bluu 2, nyekundu 0. Anzeni na njano. Kwa SPD, kliti ya SH56 inaachia kwa pande nyingi kuliko SH51, na ukali wa pedali unalegezwa kwa ufunguo wa milimita 3.

Kuhusu kuhama: kaboni ni nyembamba, kwa hiyo mguu unashuka karibu na pedali. Tofauti ya milimita mbili hadi nne ni ya kawaida. Usipoishusha siti kiasi hichohicho, utaanza kuchezesha nyonga kufikia chini na magoti yatauma kwa nyuma. Pima unene wa soli zote mbili pale penye kliti, ndipo uguse siti.

---

Neema_wa_Gravel

La mwisho. Kliti za zamani zimegoma kutoka, tundu la boliti limeviringika kabisa. Kiatu ni nailoni.

---

FundiKliti

Safisha tope ndani ya tundu kwa sindano hadi uone chuma. Dondosha mafuta ya kupenya, acha usiku mzima. Kesho yake gonga biti ya Torx T25 (yenye ncha ya umbo la nyota) kwa nyundo ndani ya tundu hilo. Ni kubwa kidogo kuliko milimita 4, kwa hiyo itajikatia meno. Kiatu kiegemee juu ya kipande cha ubao, siyo hewani, maana kugonga soli isiyoegemezwa ndiko kunakoipasua. Zungusha polepole. Ikigoma, toboa kichwa cha boliti kwa keekee ya milimita 5, mwendo mdogo, ukisimama kila sekunde kumi. Nailoni inayeyuka mapema, na ukisikia harufu ya plastiki umeshachelewa. Kichwa kikitoka, kliti inainuka na kijiti kinachobaki unakishika kwa koleo la kujifunga.